Kifusi cha Mjini na Njia ya Leparua

Haya ni maneno ya hotuba iliyotungwa kwa ajili ya baraza ya watu wa Leparua, katika Isiolo. Twayachapisha hapa kwa kuwa shida ya njia wanayo watu wengi, wa mashamba na wa miji pia, na huenda msomaji wa mahali pengine akapata humu neno la kumfaa.

Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana,

Neno langu la leo ni la njia. Sitasema sana juu ya njia kuu ya lami itokayo Isiolo kwenda Marsabit na Moyale. Hiyo ina wenyewe, na habari zake mwazijua. Kwa miaka mingi lami ilikuwa ikikoma Isiolo, na msafiri wa kwenda mbele alijifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, asijue kama atafika leo au kesho. Baada ya mwaka 2007 kazi ikaanza, kwanza kipande cha kutoka Isiolo hadi mto wa Merille, kilometa 136, kisha vipande vingine, hata katika muda wa miaka kumi hivi lami ikafika Moyale, mwendo wa kilometa 500 kwa kukadiria. Hilo ni jambo kubwa, nasi twashukuru.

Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hapandi gari akiwa juu ya lami. Apanda akiwa nyumbani kwake, penye udongo. Maziwa hayaanzi safari yake katika soko la Isiolo, yaanza zizini. Mbuzi wa kuuzwa, mtoto wa shule, dawa za chanjo, unga wa msaada wakati wa ukame, vyote hivi lazima vipite kwanza njia ndogo ya udongo. Mvua ikinyesha, laga ikijaa na matope yakishika magurudumu, zile kilometa chache za kuifikia lami huwa ndefu kuliko zote zilizobaki. Njia hiyo ndogo ndiyo nitakayo tuitazame leo, na kitu kimoja kiwezacho kuisaidia, ambacho kila siku chatupwa mjini kana kwamba hakina kazi. Kitu hicho ni kifusi.

NENO LENYEWE LATUFUNDISHA

Kazi yangu ni kufasiri maneno, na katika kazi hiyo mtu hujifunza kuyatazama maneno kwa makini. Neno hili kifusi lina maana mbili zilizokaa pamoja. Maana ya kwanza ni mabaki ya nyumba iliyoanguka au kubomolewa, yaani mawe, matofali, vipande vya simiti na udongo wake. Maana ya pili ni kile kinachomwagwa mahali palipo shimo au bonde ili pajazwe, pawe sawa, pajengwe juu yake. Hatukuwa na haja ya kutunga maneno mawili, kwa maana waliotutangulia waliona ya kuwa ni kitu kile kile. Kilichoanguka hapa ndicho kijazacho pale. Fundi wa pwani aliyevunja ukuta wa zamani wa mawe na chokaa hakuyatupa mawe yake. Aliyachagua, mazuri yakarudi ukutani, na mabovu yakaenda chini ya sakafu.

Siku hizi tumeisahau maana ya pili. Nyumba ikibomolewa mjini, mwenye kiwanja huita lori, lori huchukua kifusi, na dereva hutafuta mahali pasipo na mtu wa kumkataza. Mara nyingi mahali hapo ni kando ya mto, au katika mtaro wa maji, au malishoni. Kisha serikali yatafuta fedha za kuchimba maramu mahali pengine ili kutengeneza njia. Yaani twalipa mara mbili: mara ya kwanza kutupa mawe, na mara ya pili kuyatafuta.

MAWE YALIYOVUKA BAHARI

Yamkini mtu atasema, “Kifusi ni takataka. Nani aliyepata kujenga barabara ya maana kwa takataka?” Mtu huyo apewe habari hii.

Katika Vita Kuu ya Pili ndege za Ujerumani ziliupiga mabomu mji wa Bristol, ulio bandari katika upande wa magharibi wa Uingereza. Mashambulio makubwa yalianza mwezi wa Novemba mwaka 1940. Nyumba, maduka na makanisa yakawa chungu za mawe. Wakati ule meli zilikuwa zikivuka bahari kutoka Marekani zikileta chakula na zana za vita, na zilipokwisha kushusha mizigo zilikuwa hazina shehena ya kurudi nayo. Aliyekaa pwani ajua ya kuwa meli tupu huyumba, nayo yahitaji kitu kizito tumboni kuituliza. Mabaharia wetu hukiita farumi. Basi wakachukua kifusi cha nyumba za Bristol, wakakitia melini kuwa farumi. Kilipofika New York kikashushwa kando ya mto uitwao East River, kikaujaza ukingo wake, na juu yake ikapita barabara kubwa ya motokaa. Mwaka 1942 pakawekwa hapo kibao cha ukumbusho, na mahali pale paitwa Bristol Basin hata leo. Maelfu ya magari hupita kila siku juu ya kuta za nyumba za watu wa ng’ambo.

Angalieni sana jambo moja katika habari hii. Hapana mtu aliyetuma meli Bristol kwa ajili ya kuchukua mawe. Gharama yake isingalilipika. Meli zilikuwa zikirudi kwa vyovyote. Walilofanya watu ni kukataa zirudi tupu. Neno hili naomba mliweke akilini, kwa maana tutalirudia.

Wala Bristol haikuwa peke yake. Vita ile ile ikiendelea, kifusi cha London kilipelekwa katika mashamba ya mashariki ya Uingereza kuwa msingi wa viwanja vya ndege. Baada ya vita, mwaka 1945, Ujerumani ilikuwa na kifusi kilichokadiriwa kuwa meta za ujazo milioni 400. Wanawake wengi walisimama katika mistari wakipokezana matofali kwa mikono, wakiyasafisha na kuyapanga, na yaliyovunjika kabisa yakasagwa kuwa kokoto. Leo, wakati wa amani, Uholanzi, nchi iliyo na mawe machache ya asili, hutumia tena karibu kifusi chake chote, na sehemu kubwa huingia chini ya barabara. Nchi za Umoja wa Ulaya zilijiwekea sheria mwaka 2008 ya kwamba ifikapo mwaka 2020 asilimia 70 ya mabaki ya ujenzi yawe yatumiwa tena. Watu hawa si maskini wa mawe tu. Wamepiga hesabu na kuona faida.

Na kwetu Afrika ya Mashariki kifusi si haba. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, katika Dar es Salaam, zilibomolewa ili barabara ipanuliwe. Mwaka 2018 majumba makubwa yaliyojengwa kandokando ya mito ya Nairobi yalivunjwa kwa matingatinga. Wachunguzi katika Tanzania walikwisha kulichungua jambo hili, na mwaka 2013 walitangaza ya kuwa kifusi cha simiti kilichosagwa chaweza kufanywa matofali mapya yenye nguvu za kutosha. Kitu kiwezacho kubeba nyumba hakitashindwa kukaa chini ya njia ya kijiji.

HESABU YA NJIA YA UDONGO

Sasa tuje kwenye hesabu, maana njia haitengenezwi kwa maneno.

Njia ya maramu hulika. Magari huisaga iwe vumbi, upepo huchukua vumbi, na mvua huchukua kilichobaki. Tuseme njia ina upana wa meta 5, na kwa mwaka mmoja imepoteza unene wa sentimeta 2 tu, ambao ni kama upana wa kidole gumba. Katika kilometa moja hasara hiyo ni meta za ujazo 100. Lori moja la kawaida likibeba meta za ujazo 7, hayo ni malori 14 au 15. Kila mwaka, kwa kila kilometa, malori 14 ya ardhi ya watu yapeperuka hewani.

Maramu hiyo hutoka wapi? Hutoka katika mashimo. Nanyi wafugaji mwajua mashimo hayo kuliko mimi. Majani huondolewa kwanza, kisha udongo wa juu, kisha maramu. Kazi ikiisha, mashine huenda zake, na shimo hubaki. Mvua ikinyesha shimo hujaa maji, mbu huzaliana, ndama hutumbukia, na mtoto aendaye kuogelea asirudi. Kwa hiyo kila lori la kifusi kizuri litumikalo njiani ni lori moja la malisho lililoachwa mahali pake. Hii ndiyo faida ambayo mtu wa mjini haioni, lakini mwenye ng’ombe na ngamia aiona.

Tupime na upande wa kifusi. Chumba kimoja cha mawe, chenye kuta nne za urefu wa meta 4, kimo cha meta 3 na unene wa sentimeta 20, kina mawe ya meta za ujazo zipatazo 9, tukiondoa mlango na dirisha. Na mahali pabaya pa njia, pale magari yanapozama kila masika, huenda pakawa na urefu wa meta 20, upana wa meta 4, na pahitaji kujazwa kwa kina cha sentimeta 30. Hapo ni meta za ujazo 24. Basi vyumba vitatu vikibomolewa mjini, mabaki yake yakichaguliwa vizuri, yatosha kuziba mahali pamoja palipokuwa pakiwafungia njia kwa wiki nzima.

Sisemi ya kuwa kifusi cha Isiolo chatosha kujenga njia yote. Hakitoshi, wala asije mtu akawaahidi hivyo. Nasema njia haiwi mbaya mahali pote sawasawa. Katika kilometa 20 pengine pana mahali sita au saba tu ambapo gari lazama, na penginepo ardhi ni ngumu na mawe. Kifusi kikipelekwa mahali hapo sita au saba, njia yote hufunguka.

LORI LISIJE TUPU

Sasa lile neno la meli. Gharama kubwa ya kifusi haiko katika kukipata. Mwenye kiwanja atafurahi kukitoa bure, na huenda akalipa ili kiondolewe. Gharama iko katika kukibeba. Lori la kutoka Isiolo likija kwa ajili ya kifusi tu, mafuta yake yatapita thamani ya mawe. Hapo wakubwa wengi hukata tamaa, nao wana haki.

Lakini fikirini. Magari mangapi hutoka mjini kwenda mashambani yakiwa matupu? Lori la kuchukua mchanga katika laga huja tupu na kurudi limejaa. Lori la kuchukua mawe ya kujengea huja tupu. Lori la kuchukua mifugo kwa mnada huja tupu. Kila moja la hayo ni kama ile meli ya Bristol, ila laelekea upande wa pili. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Basi yafaa wazee wa mahali waweke sharti: atakaye mchanga wetu aje na kifusi kilichokwisha kuchaguliwa, akishushe mahali tutakapomwonyesha, kisha apakie. Mafuta yamekwisha kulipwa na mchanga. Kinachoongezeka ni kazi ya kupakia na kushusha tu.

Sharti la namna hiyo si ubishi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yaitambua ardhi ya jamii na wenyewe, na mali itokayo katika ardhi hiyo ni jambo la mapatano. Mapatano yaandikwe, yasomwe mbele ya watu wote, nayo yawekwe mahali ambapo hata kijana atakayezaliwa kesho ataweza kuyaona.

KUCHAGUA NDIKO KAZI

Ndugu zangu, hapa ndipo penye hatari, nami nataka niseme bila kuficha. Kifusi kisichochaguliwa ni takataka kweli. Kijiji kikifungua mlango bila mlinzi, mji utawatupia uchafu wake wote kwa jina la barabara. Itakuwa aibu, nayo itakuwa hasara ya miaka mingi. Kwa hiyo yajueni mazuri na mabaya.

Mazuri ni simiti iliyoshikana, mawe ya kujengea, matofali ya simiti, matofali ya udongo yaliyochomwa yakaiva, kokoto, na lami ya zamani iliyobanduliwa. Simiti iliyosagwa ina sifa moja ya ajabu kidogo. Ndani yake hubaki chembe za simiti ambazo hazikupata maji siku ile ya kwanza. Zikimwagiwa maji na kushindiliwa huanza tena kushikana, na tabaka hilo huzidi kuwa gumu kadiri siku zinavyopita. Lakini hunywa maji kuliko mawe mapya, kwa hiyo yapasa kuiloweshea vizuri wakati wa kushindilia.

Mabaya ni haya. Kwanza, mbao, karatasi, nguo, nailoni na plastiki. Vitu hivi huoza au kubonyea, na penye kitu kilichooza chini, shimo hutokea juu. Pili, matofali mabichi ya udongo, kwa kuwa hurudi kuwa matope. Tatu, ubao mweupe laini wa jasi uwekwao katika dari za siku hizi. Ukipata maji hulegea, na ukikutana na simiti huweza kuivimbisha. Nne, misumari, vioo na vipande vya nondo. Msumari mmoja hutoboa gurudumu la gari na kwato la ng’ombe pia, na mguu wa ngamia uliochomwa msumari waweza kumaliza mali ya mtu. Nondo ziondolewe zote ziuzwe, maana chuma kina bei yake.

Tano, na hili ndilo baya kuliko yote, ni mabati ya asbesto, yale mazito ya rangi ya kijivu yaliyoezekwa juu ya majengo mengi ya zamani, shule na nyumba za wafanyakazi. Yakivunjwa hutoa vumbi la nyuzi ndogo zisizoonekana, nalo vumbi hilo likiingia mapafuni hukaa humo, na baada ya miaka mingi huleta ugonjwa usio na dawa. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 juu ya taka zaihesabu asbesto kuwa taka ya hatari. Haina kazi barabarani kabisa. Lori lenye kipande cha asbesto lirudishwe lilikotoka, wala asijitokeze mtu kulichagua kwa mikono.

Kipimo cha tofali si kigumu. Chukueni kipande, kigonganisheni na kingine. Kikilia kwa sauti kali, ni kigumu. Kikilia kwa sauti ya kufa, kitilieni shaka. Kisha kitieni katika ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi, kilichobaki kizima kinafaa; kilicholegea na kuchafua maji hakifai.

Na kazi ya kuchagua ifanyike mjini, pale pale nyumba inapobomolewa, kabla mawe hayajachanganyika. Kuchagua baada ya kushusha ni sawa na kupepeta unga uliokwisha kumwagika mchangani.

NAMNA YA KUKIWEKA

Kifusi si cha juu. Ni cha chini. Asije mtu akakimwaga juu ya njia na kuondoka, kwa kuwa vipande vikubwa vitarukaruka chini ya magurudumu, na njia itakuwa mbaya kuliko kwanza.

Jambo la kwanza ni maji. Adui wa njia ni maji yaliyosimama. Kabla ya kushusha hata jiwe moja, chimbeni mitaro kando, mkate na mikono ya kuyatoa maji mbali na njia kila penye mteremko. Mkijaza shimo bila kuyafungulia maji mlango, mvua ya kwanza itachukua kifusi chenu, nanyi mtasema kifusi hakifai, kumbe ni maji.

Jambo la pili, ondoeni matope mpaka mfike kwenye ardhi ngumu. Penye udongo mweusi unaonata, ule uvimbao wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, kifusi kilichotupwa juu yake huzama kama mawe yatupwayo mtoni.

Jambo la tatu, vunjeni vipande. Chini vyaweza kuwa vikubwa kama ngumi mbili. Juu yake viwe vidogo zaidi. Mjini pakiwa na mashine ya kusaga, ni vizuri. Pasipokuwapo, nyundo yatosha kwa kazi ndogo, na vijana wapate ujira. Wavunjaji waloweshee mawe maji kidogo na kufunga kitambaa puani, kwa maana vumbi la mawe nalo huharibu mapafu.

Jambo la nne, shindilieni kwa matabaka. Kila tabaka lisizidi sentimeta 15, limwagiwe maji, lishindiliwe kwa mtambo. Mtambo ukikosekana, tumieni vishindilio vya mkono, na tabaka liwe nusu ya unene huo. Kazi imekamilika gari lenye mzigo likipita lisiache alama ya gurudumu. Maji kwenu ni ghali; kwa hiyo kusanyeni kifusi wakati wa kiangazi, na kazi ya kushindilia mwifanye mvua inapokatika, ardhi ikiwa bado na unyevu.

Jambo la tano, funikeni kwa maramu unene wa sentimeta 10 au 15, na katikati pawe juu kuliko kando. Njia ya meta 5 yahitaji katikati ipande kwa sentimeta 12 hivi, ili maji yaende pembeni. Hivyo maramu bado yahitajiwa, lakini kidogo, na shimo lake litakuwa dogo.

Penye laga, kifusi peke yake hakitasimama mbele ya maji ya ghafula. Hapo pahitaji sakafu ya simiti ambayo mafundi huiita drifti, na matundu ya waya yaliyojazwa mawe kushika kingo zake. Vipande vikubwa vya simiti ya zamani vyafaa katika matundu hayo. Lakini kazi hiyo ni ya fundi mwenye elimu, msiifanye kwa kukisia.

Hapana haja ya kusubiri mitambo mikubwa kwa mengine yote. Tangu mwaka 1974 Kenya ilijulikana mbali kwa mpango wake wa njia za mashambani zilizojengwa kwa jembe, sepetu na toroli, na wageni wa nchi nyingine walikuja kujifunza. Watu walilipwa, na njia zikapitika.

MWENYE KIFUSI NA MWENYE NJIA

Mwisho, mwaweza kuuliza tumwendee nani. Jibu lake ni jepesi kuliko tulivyodhani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwapa watawala wa kaunti kazi nyingi, na miongoni mwake zimo hizi mbili: kuondoa taka na kuzitunza mahali pa kutupia, na kutengeneza barabara za kaunti. Sheria ya taka ya mwaka 2022 nayo yataka taka zichaguliwe, na kitu kiwezacho kutumika tena kitumike. Basi ofisi ile ile isumbukayo na chungu za kifusi mjini ndiyo isumbukayo na njia mbovu. Mkono wa kuume una jiwe, mkono wa kushoto una shimo. Lililobaki ni kuikutanisha mikono miwili.

Waombeni mambo matatu yaliyo wazi. Moja, mwenye kuomba ruhusa ya kubomoa nyumba mjini aseme kifusi chake kitakwenda wapi, na akichague kabla ya kukitoa. Mbili, pawe na kiwanja kimoja pembeni ya mji, chenye mlinzi na daftari, ambapo kifusi safi hulimbikwa. Tatu, mhandisi wa kaunti aje kuitembea njia pamoja nanyi, kwa miguu, mwezi wa mvua, aweke alama mahali pale sita au saba. Na ninyi kwa upande wenu chagueni watu wawili au watatu wasioweza kununuliwa kwa chai, wasimame mahali pa kushushia, waangalie kila lori, nao wawe na ruhusa ya kusema, “Hili rudisha.”

Nayafupisha maneno yangu ili mwende nayo nyumbani. Maji kwanza, mawe baadaye. Chagueni mjini, kagueni kijijini. Asbesto haipiti. Kifusi chini, maramu juu. Na lori lisije tupu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaweza kuongeza ya kuwa ukuta ukisha kuanguka, bado una kazi moja ya kuwafanyia watu. Mji wa Isiolo unakua, nyumba za zamani zaondolewa kila mwaka, na za ghorofa zainuka mahali pake. Mawe ya nyumba hizo yatakwenda mahali fulani tu. Ama yatakwenda mtoni kuyaziba maji, ama yatakuja huku kuwafungulia njia, na shauri la kuamua halijapita.

Mungu awajalie mvua ya neema na njia ya kuipitia.